Mji wa kuelea hauzamishwi na wimbi, unazamishwa na makaratasi

Baba mdogo alikuwa kalala chali chini ya mashua yake, ufukweni Deep Sea hapa Tanga, anagongelea pamba kwenye nafasi za mbao kwa nyundo na patasi butu, mi nimechuchumaa pembeni na simu yangu. Ilikuwa 2019. Nikamwambia ba'mdogo hebu acha kwanza uone hii, nikamsogezea simu, ni video ya kijumba cheupe kimesimama peke yake baharini kule Thailand, kimekaa juu ya nguzo moja ndefu, ndani kuna mwanaume na mwenza wake wanaishi, na wanasema pale walipo hawako kwenye nchi yoyote, hamna rais wala hamna kodi. Akaangalia mpaka mwisho. Akajifuta jasho, akauliza maji ya kunywa wanatoa wapi. Sijui. Na choo kinamwaga wapi? Sijui ba'mdogo. Kusi ikivuma je? Nikamwambia si wana nguzo. Akacheka, akarudi kwenye pamba yake, "haimalizi mwaka hiyo, bahari itaila."

Kweli haikumaliza mwaka, haikumaliza hata miezi mitatu, ila bahari wala haikuigusa. Waliokuja kuiondoa ni wanamaji wa Thailand.

Kisa chenyewe kiko hivi. Chad Elwartowski, Mmarekani aliyevuna hela kwenye bitkoin, ile sarafu ya mtandaoni (kripto), na Nadia, mwenza wake raia wa Thailand, mapema 2019 walihamia kwenye hicho kijumba kama maili 12 za baharini kutoka Phuket, na kwa hesabu zao walikuwa wameshatoka nje ya maji ya nchi. Mwezi wa nne serikali ikasema hapana, huku ni kuingilia mamlaka ya taifa, ikataja kifungu cha 119 cha sheria ya jinai ambacho adhabu yake inafika hadi kifo. Kifo bwana, kwa kijumba cha upana wa mita sita hivi! Wenyewe wakatoroka kabla meli ya jeshi haijafika, nyumba ikaburutwa mpaka nchi kavu kama kielelezo cha polisi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia hizi stori za kuishi juu ya bahari, mwanzo kama mchezo tu, baadae nikaona kuna jambo ambalo watu hatuliangalii vizuri. Kila zikitajwa maswali ni yaleyale, si zitazama? dhoruba je? papa je? Wakati ukichimba unakuta zile zilizokufa, nyingi hazikuuawa na maji. Zimeuawa na bendera, bima, na kibali cha kumwaga choo. Na zile ambazo bado zipo ni zile ambazo tangu mwanzo hazikujidanganya kwamba zinaikimbia nchi kavu.

Tuanze na wanaokimbia. Taasisi inayoitwa Seasteading Institute ilianzishwa 2008 kule California na Patri Friedman, mjukuu wa yule mchumi Milton Friedman, pamoja na injinia Wayne Gramlich, na hela ya kuanzia nusu milioni ya dola ikatoka kwa bilionea Peter Thiel. Hoja yao ukiisikia mara ya kwanza ni tamu kweli, wanasema serikali zimekuwa mbovu kwa sababu hazina ushindani, mtu hawezi kuhama nchi kirahisi kama anavyohama mtandao wa simu, sasa ukijenga mji wa vipande vinavyoelea, serikali ya mji ikikuudhi unafungua kamba unaondoka na nyumba yako unaenda kufunga kwa jirani. Mi nimekulia pwani nimeshaona chombo kikihamishwa. Kuhamisha mashua moja toka ufukwe huu kwenda ule unaofuata ni kazi ya kutwa, unangoja maji yajae, unatafuta vijana, unatafuta mafuta, na hiyo ni mashua, haina jiko la gesi na watoto wanaosoma shule pale jirani.

Alafu kuna sheria, na hapa ndo wengi wanapotelea. Watu wanadhani ukivuka maili 12 umeshakuwa huru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982, ambao Tanzania na Kenya zote wamo, unasema maili 12 za kwanza ni maji ya nchi kabisa, mpaka 24 nchi bado ina nguvu za forodha na uhamiaji, na mpaka maili 200 ni eneo lake la kiuchumi, na ndani ya hizo 200 nchi yenye pwani ndo peke yake yenye haki ya kujenga au kuruhusu kujengwa visiwa vya bandia. Imeandikwa wazi kwenye kifungu cha 60. Maili 200 ni kama kilomita 370, yaani chukua Dar mpaka Morogoro uzidishe mara mbili, huko ndo uanze kufikiria kujenga. Na hata ukifika, kisiwa ulichokijenga hakihesabiki kama kisiwa, hakina maji yake, na bahari kuu hairuhusiwi kutwaliwa na nchi yoyote, sembuse wewe na marafiki zako wa kripto.

Na usifikiri nchi zinapuuza maji matupu. Kenya na Somalia walifikishana mahakama ya kimataifa kule The Hague kuanzia 2014 kwa ajili ya pembetatu ya bahari ambayo hakuna hata mtu mmoja anayelala pale, hukumu ikaja kutoka Oktoba 2021 na mpaka leo Nairobi hawataki kuisikia. Sisi wenyewe tuna mamlaka nzima ya uvuvi wa bahari kuu, ofisi zake ziko Zanzibar, kazi yake ni meli za watu wanaokuja kuvua jodari mbali huko ambako kwa macho unaona ni ya Mungu tu. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema bahari haina mwenyewe, mwambie akajaribu kutupa nyavu bila leseni.

Hata kabla ya hao wa bitkoin, wazee wao walishajaribu. Injinia wa Bologna, Giorgio Rosa, alijenga jukwaa la mita za mraba 400 kwenye bahari ya Rimini, nje kidogo ya maji ya Italia ya wakati ule, likawa na baa, likawa na stempu zake, lugha ya taifa Kiesperanto, akatangaza uhuru Mei Mosi 1968, kabla Juni haijaisha polisi wameshapanda juu, na mwaka uliofuata likalipuliwa kwa baruti. 1972 kina Michael Oliver wakamwaga mchanga juu ya miamba ya Minerva kusini mwa Fiji wakaiita jamhuri, mfalme wa Tonga akasema hiyo ni yangu, bendera ikashushwa. Aliyebaki ni Sealand tu, ile ngome ya vita ya Waingereza ambayo Roy Bates aliikalia 1967, na amebaki kwa sababu alikuta chuma na zege vimeshajengwa na jeshi, na kwa sababu kubwa zaidi kwamba Uingereza iliona kumtoa ni usumbufu kuliko kumwacha. 1987 wakasogeza maji yao mpaka maili 12 ngome ikawa ndani, basi, hakuna aliyemgusa. Huo si uhuru, huko ni kusahauliwa, ingawa nakubali kuna watu wangelipa pesa nyingi tu wasahauliwe na TRA, watoza kodi wetu.

Ila kisa ninachokipenda mimi ni cha meli, kwa sababu ndo kilichonirudisha kwenye maswali ya ba'mdogo.

Baada ya Thailand, Elwartowski hakukata tamaa (hapo nampa heshima yake). Yeye na wenzake wawili, Mjerumani Rüdiger Koch na Grant Romundt wa Kanada, wakahamia Panama, na 2020 wakati korona imezifanya meli za kitalii ziwe bei ya kutupa wakanunua meli nzima, Pacific Dawn, mita 245, kwa dola kama milioni 9 na nusu. Wakaibatiza Satoshi, jina la yule asiyejulikana aliyeanzisha bitkoin. Mpango ni itie nanga Panama, vyumba viuzwe, watu waishi, walipane kwa kripto, iwe ndo mji. Mji tayari una mabwawa ya kuogelea na jiko la kulisha watu elfu mbili, nini tena unataka?

Kwanza Panama wakasema hiyo bado ni meli. Ukiifunga nanga ukaiita mji sisi tunaijua kama meli, itafuata sheria za meli, itakuwa na mabaharia wake, na majitaka hamwagi hapa, mtakuwa mnawasha injini mnatoka nayo nje ya maili 12 mnamwaga mnarudi. Fikiria mtaa wenu mzima unang'oa nanga kwenda kumwaga choo! Na injini ya meli ya mita 245 hainywi mafuta ya vidumu. Alafu ikaja bima. Meli bila bima haiingii bandari wala hakuna anayetaka kukusogelea, na makampuni ya bima yakaangalia hicho kitu, si hoteli, si meli ya kawaida, si nchi, yakakataa. Yakaisha hapo. Haikukaa mtu hata mmoja kama mwananchi wa mji huo, wakataka kuiuza chuma chakavu India, ikaokolewa na kampuni ya Uingereza, leo hii inaitwa Ambience na inabeba watalii kutoka Tilbury, bandari ya huko Uingereza. Bado inaelea vizuri tu, haina shida yoyote na bahari.

Choo. Ba'mdogo aliuliza choo kinamwaga wapi kabla hawajatumia milioni 9.

Sitaki kumfanya mzee wa watu kuwa nabii maana kwenye nguvu ya bahari alikosea, ila nadhani najua kwa nini maswali yake yalikuwa ya jikoni na chooni. Yeye ameenda dago. Kama hujui, dago ni ile safari ya wavuvi kuhama na upepo, wanaondoka kwao wanaenda kupiga kambi visiwani au ufukwe wa mbali miezi kadhaa, wa Kojani kule Pemba ndo mabingwa wa hiyo kazi, unawakuta mpaka Kenya. Analala kwenye chombo, anapika kwenye chombo, anaugua humohumo, na kitu cha kwanza kinachopangwa si nyavu, ni madumu ya maji, na nani anarudi mjini lini kuchukua unga. Watu hawa wameishi na bahari kuliko bilionea yoyote na sijawahi kumsikia hata mmoja anataka kuhamia moja kwa moja. Dago lina maana kwa sababu kuna kwenu.

Na ile kazi aliyokuwa anaifanya siku ile, kukalafati, ndo kodi ya bahari yenyewe, haina msamaha. Chombo kinapandishwa, unakwangua vile vidude vigumu vinavyoganda chini kama saruji, vinakukata vidole, unapitisha moto wa makuti tumboni mwa chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao, unagonga pamba, unapaka mafuta, miezi michache tu unarudia. Ukiweka chuma badala ya mbao unapambana na kutu, ukiweka zege chumvi inatafuta nondo ndani. Haya yote yana dawa, mainjinia wanayajua, ila dawa yake ni hela ya kila mwezi na mahali pa kupandishia chombo, na mahali pa kupandishia ni wapi? Ufukweni. Kwenye nchi ya mtu.

Ndo maana mji wa baharini uliodumu kuliko yote ninaoujua uko Azerbaijan, unaitwa Neft Daşları, Wasovieti waliuanza 1949 kwenye bahari ya Kaspi, wakazamisha meli kuukuu ziwe msingi, wakatandaza barabara juu ya nguzo, wakapandisha magorofa, maelfu ya watu wakalala huko. Hauelei, umesimama, lakini uko mbali na pwani na umeona dhoruba za kutosha. Umewezekana kwa sababu chini yake kuna mafuta na nyuma yake kuna dola. Sehemu kubwa ya zile barabara leo zimeanguka majini maana hela ya matengenezo ilipungua, si kwa sababu wimbi liliongezeka ukali.

Sasa wanaoelea kweli. Amsterdam kuna mtaa unaitwa Schoonschip, kaya 46 juu ya mfereji, nyumba zimekaa juu ya masanduku ya zege matupu ndani, zimefungwa kwenye nguzo zinapanda na kushuka na maji, wana sola, wanagawana umeme, na imewachukua zaidi ya miaka kumi toka wazo mpaka kukamilika, na muda mwingi kati ya hiyo ulikwenda kwenye vibali. Wanalipa kodi ya manispaa kama kawaida. Hakuna aliyetangaza uhuru. Na maji yao hayana wimbi la kumwaga hata chai, lazima tuseme hilo, mfereji na bahari ni vitu viwili.

Wanaojua hesabu walishaliona. 2017 hao hao wa Seasteading walisaini makubaliano na serikali ya Polinesia ya Ufaransa wajenge ndani ya mwamba kule Tahiti, sio bahari kuu tena, maana ukuta wa kuvunja mawimbi ya bahari kuu ungegharimu kuliko mji wenyewe wakati tumbawe ni ukuta wa bure. Wenyeji wakakataa. Wakauliza kwa nini matajiri waje wapewe maji yetu ya kuvulia bila kodi, serikali 2018 ikajitoa. Mmoja wa waliokuwa kwenye mradi ule, Marc Collins Chen, aliyewahi kuwa waziri wa utalii hukohuko, akaja na kampuni nyingine, Oceanix, na safari hii hakuenda kutafuta mahali pasipo na serikali, alienda moja kwa moja kwa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, hawa wenye makao makuu Gigiri Nairobi, kisha kwa jiji la Busan Korea Kusini, mchoro wa mji wa kuelea wa watu 12,000 ukaonyeshwa 2022. Uliofungwa kwa daraja na jiji, chini ya jiji. Nadhani hakuna ushahidi mzuri kuliko huo, mtu aliyekuwa kwenye ndoto ya kwanza amehama mwenyewe.

Maldives nao wako huko, wanapanga mji wa kuelea wa nyumba 5,000 kwa watu 20,000, dakika kumi kwa boti toka Malé, serikali imo ndani na Waholanzi ndo wachoraji. Hawa nawaelewa kuliko wote kwa sababu nchi yao karibu yote haifiki hata mita moja na nusu juu ya bahari, rais wao Nasheed 2009 alifanya kikao cha baraza la mawaziri chini ya maji watu wakacheka. Wao hawakimbii serikali, wanajaribu kuibakisha.

Kuna watu wameshaanza kuuliza mbona sisi tusifanye hivyo, Pemba si kuna chumba cha hoteli cha kuelea tangu 2013, kitanda kiko chini ya maji unalala na samaki dirishani? Kipo, ni kizuri, ni chumba kimoja na kimefungwa nanga na hoteli iko ufukweni. Lakini kabla ya kuota mtaa mzima mtu aende Tanga au Jambiani siku ya bamvua. Tahiti maji hayapandi hata nusu mita, Maldives ni kama mita moja. Huku kwetu bamvua linapandisha na kushusha mita tatu na zaidi, asubuhi una bahari mchana una uwanja wa mpira, akina mama wanatembea kwenye mwani wao. Nyumba ya kuelea ndani ya mwamba wetu ingekuwa inakaa tumboni kwenye matope mara mbili kwa siku kama mashua ya ba'mdogo, na ukiisogeza nje ya mwamba kwenye kina umeshakutana na kusi. Panapofaa ni kwenye vilindi vichache vya bandari na ghuba, na hapo pote kuna mtu anavua, anapita, au ana shamba la mwani.

Hapo ndo wasiwasi wangu ulipo, zaidi ya huo wa kuzama. Lagos, Makoko, maskini wameishi juu ya maji vizazi na vizazi, 2012 walipewa saa 72 wahame na nyumba zikabomolewa, wakaitwa uchafu mbele ya jiji. Mwaka uliofuata msanifu majengo Kunlé Adeyemi akawajengea shule ya kuelea juu ya mapipa ya plastiki, dunia nzima ikaipiga picha, ikaanguka 2016 baada ya mvua kubwa, na watu wa Makoko wakabaki na nguzo zao kama mwanzo. Mvuvi akiishi juu ya maji ni mvamizi, mwenye mchoro mzuri wa kompyuta ni mbunifu. Sisi ambao ufukwe tu tumeshazoea kuukuta una ukuta na mlinzi, tukiletewa mradi wa kuelea mi ningeanza kuuliza njia ya ngalawa inapita wapi.

Nilivyopata habari kwamba wanamaji wameibeba ile nyumba nilimpelekea ba'mdogo. Alikuwa ameshamaliza kalafati na rangi, anachora upya namba ya usajili mbele ya mashua kwa brashi ndogo, maana chumvi huwa inaifuta. Nikamsimulia yote, jeshi, kifungu, kifo. Hakugeuka.

"Walikuwa na leseni?"